Watu wa anga wanalipwa kulala kichwa chini: mimi nililala bure Musoma, mama mkwe akaniamsha akili

Wakuu wa jukwaa, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nacheka, natoka. Lakini juzi kuna uzi ulinigusa mpaka nikamwomba mjukuu anionyeshe namna ya kuandika maneno marefu.

Ni ule uzi wa watafiti wa anga za juu wanaowalipa watu walale kitandani wiki nyingi bila kuinuka. Kula humo humo, kuoga humo humo, haja zote humo humo.

Tena kitanda kimeinamishwa, kichwa chini kidogo na miguu juu, ili mwili ujione kama uko huko kusikokuwa na uzito. Halafu wanawapima akili: wanachelewa kiasi gani kujibu, wanasahau nini, wanakosea wapi.

Nikasoma comment zenu. "Mkuu, link ya kuomba hiyo kazi iko wapi?" Mwingine anasema kulala ndiyo taaluma yake. Nilicheka mpaka bibi wa nyumba hii akauliza kuna nini.

Wakuu, hiyo kazi mimi nilishaifanya. Musoma. Bila malipo, bila link, na position ileile ya kichwa chini.

Nitawasimulia ilivyokuwa. Sitaongeza chumvi, maana miaka ninayoisema chumvi yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni.

Mimi ni fundi mitumbwi wa Kibara, Bunda.

Wale wa mjini niwaeleweshe kidogo. Fundi mitumbwi wa kwetu hana ramani. Mtumbwi wote unakaa kichwani. Kabla sijakata ubao wa kwanza, mimi nimeshauona uko majini, na nikifumba macho naweza kuuzunguka kama mtu anayezunguka nyumba yake. Kichwa ndicho karakana. Msumeno unafuata tu.

Miaka hiyo nilikuwa kijana, ndoa bado changa. Mke wangu Nyangeta alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, na mtumbwi wake umeozea ufukweni. Mama mkwe akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Masatu, ambaye nilikuwa namfundisha ufundi.

Mama akataka nimjengee mtumbwi mwingine. Ujumbe ulipita kwa Nyangeta, maana mimi na mama mkwe hatuzungumzi uso kwa uso.

Hapa nako nisimame kidogo. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Wala si chuki, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Jina lake sijawahi kulitamka, na hapa sitaliandika, mod anisamehe.

Mbao zilikuwa dhahabu. Mama alimtoa ng'ombe wake wa mwisho ili zipatikane. Misumari ndiyo ilikuwa hadithi kabisa. Tuling'oa ile ya zamani kwenye mtumbwi uliooza, tukainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe.

Kwa kifupi, zile mbao zikiharibika hakuna nyingine. Mama atakuwa hana ng'ombe na hana mtumbwi. Shikeni hapo.

Siku tunashusha mbao, gogo moja likaponyoka, likaniviringikia. Paja likavunjika.

Nikapakiwa kwenye lori la pamba mpaka Bunda, kutoka Bunda mpaka Musoma. Safari ile sitaisimulia, kuna watu humu wanakula.

Hospitali walipitisha chuma chini ya goti, wakafunga kamba kwenye chuma, kamba ikapita kwenye gurudumu dogo, na mwisho wa kamba wakaning'iniza ndoo ya mchanga. Mchanga wa ziwani, maana vyuma vyenyewe vya kuvutia havikuwepo.

Sasa ndoo ingeweza kunivuta mpaka chini ya kitanda. Kwa hiyo miguu ya kitanda, upande wa miguuni kwangu, wakaipandisha juu ya matofali. Miguu juu, kichwa chini, damu yote inakimbilia usoni.

Mnaona sasa? Mwanaanga kamili, ila nipo Musoma na nanukia dettol.

Mwanzoni nilijiona nimepata likizo. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mzee Wambura, mfugaji wa Buswahili, mbali na ziwa. Ng'ombe alimvunja mkono, lakini miguu yake mizima, akawa ndiye waziri wetu wa mambo ya nje. Tulipiga soga, tukacheka.

Halafu wakaanza kuja watu wa kuniona. Nataka mniamini, walikuja kwa upendo. Dada yangu aliyeolewa Musoma alileta chakula kila siku. Watu wa kanisani walileta maombi. Na wote walikuwa na wimbo mmoja: "Tulia. Usifikiri kitu. Akili ikihangaika, mfupa haushiki."

Hiyo ndiyo imani ya kwetu. Mgonjwa habebeshwi neno. Nyangeta alijifungua mtoto wa kike na mimi nikaambiwa baadaye kabisa, ili nisishtuke. Sista akiniuliza umelalaje, dada anajibu, "Amelala vizuri." Mtu akiuliza nataka ugali au uji, dada anajua nataka nini.

Nikatulia kweli.

Nikatulia mpaka sijui jana na juzi zilipishania wapi. Mzee Wambura anaanza story, akifika katikati mimi nimeshasahau ni ng'ombe wa nani. Redio ya wodini ikitangaza mpira, mtangazaji anafika golini, mimi bado niko na kipa wa upande wa pili. Nafungua mdomo kusema kitu, kinapotea, naufunga.

Ajabu ni kwamba sikuona tatizo. Ndiyo ubaya wa kulala sana, wakuu. Akili inayosinzia haikwambii kuwa inasinzia.

Mchana mmoja nikasikia mabishano nje ya dirisha. Sista alikuwa anasema, "Mama, mlango uko upande huu."

Sauti ikajibu, "Naujua. Ila mkwe wangu yumo humo, amelala."

Nilitaka nipotee ndani ya shuka. Hebu fikirieni: mguu umening'inizwa juu, mwili umefunikwa shuka moja, na mama mkwe yuko hatua chache! Angeingia angeniona hivyo, ingekuwa mwiko mzito, wa kuchinjiwa mbuzi na kutafutiwa wazee.

Bahati sista alikuwa mtu wa mkoa wetu, akaelewa. Akamtolea kigoda. Mama akakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso ziwani. Mimi nilikuwa naona fundo la kitambaa chake cha kichwa, basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Masatu anaulizaga hiyo chini ya mtumbwi akate upana gani."

Hakusema pole sana. Hakusema tulia. Angesemaje, hanioni! Yeye alikuja na swali lake.

Nilijibu palepale, kwa kujiamini kabisa. Akalirudia jibu ili asilisahau, akampa Mzee Wambura samaki mkavu dirishani, akaondoka na lori.

Nikajisikia fundi tena. Nikalala.

Aliporudi Musoma, alikaa kwenye kigoda chake, mgongo ukutani. Halafu akaita.

"Mkwe."

"Naam mama."

"Hiyo mtumbwi ni ya samaki ama ya kuogea?"

"Ya samaki, mama."

"Mbona inafanana beseni?"

Mzee Wambura alicheka mpaka akaushika mkono wake uliovunjika. Mimi sikucheka. Mama akaanza kueleza alivyoambiwa na Masatu: chini imeshakatwa na kuungwa, lakini mbao za ubavuni zikipindwa kwenda mbele hazikutani. Zinaacha pengo la kupitisha mbuzi.

Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimetoa upana wa mtumbwi mkubwa wa kuvulia dagaa na kuuweka kwenye urefu wa mtumbwi mdogo wa mama. Mitumbwi miwili iligongana kichwani mwangu na mimi nikaona sawa tu.

"Kwani Masatu hakuona?"

"Aliona. Akasema shemeji ndiye fundi, na mama ndiye kaleta maneno. Nani atabisha?"

Ndivyo tulivyo. Kijana wa kwetu akiletewa kipimo cha mwalimu wake kwa mdomo wa mama yake, atakata hata kama anaona kabisa kuwa anakata upuuzi. Heshima imekata mbao za ng'ombe wa mwisho.

Nikafumba macho niutafute mtumbwi kichwani, nione unavyoweza kuokolewa.

Haukuwepo.

Nikaanza na mkuku, ule mti wa chini unaobeba kila kitu. Nikaenda kwenye mataruma, zile mbavu zake. Taruma la kwanza, la pili, la tatu, halafu nikajikuta nafikiria ugali. Nikarudi mwanzo. Nikapotea tena. Karakana imefungwa, na ufunguo sijui nimeuacha wapi.

Wakuu, mguu haukuwahi kuniogopesha. Siku ile niliogopa. Fundi kiwete anaweza kujenga mtumbwi akiwa amekaa. Fundi asiyeuona mtumbwi kichwani ni mtu mwenye msumeno tu. Na pale dirishani kuna mjane hana ng'ombe kwa sababu yangu.

Machozi yakanitoka. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa chini, yaliingia masikioni.

"Mkwe, unalia?"

"Hapana mama."

"Sawa. Mimi sikuoni."

Halafu akasema, "Basi nijengee hapa hapa. Anza mwanzo. Mimi mtumbwi nimepandaga tu, sijui inajengwaje. Nieleze mpaka nijue."

Nikamwambia sisi huwa tunapumzika tukiumwa. Akasema, "Si umepumzika? Ona sasa."

Hakurudi Kibara. Akafikia kwa ndugu yake palepale Musoma, na kila alasiri kigoda kiko chini ya dirisha.

Sasa sikieni ugumu wa hii kazi. Mimi nimefundisha vijana wengi, lakini fundi hufundisha kwa mikono. Unasema "pinda hivi" na mkono unaonyesha. Nikasema, "Taruma linapinda hivi."

"Hivi vipi? Mimi naangalia ziwa."

Ikabidi nitafute maneno. Nikasema kama ubavu wa ng'ombe. Akauliza wa mbele au wa nyuma. Mzee Wambura naye akaingilia, kwenye ng'ombe ndiko kwao, akasema mbavu za ng'ombe zinatofautiana, nisiseme hovyo. Ubishi ukawaka. Mtu wa Buswahili ambaye ziwa analiogopa kuliko simba akawa anabishania mataruma!

Siku za kwanza nilikuwa nachoka kama nimepasua mbao. Nikipotea, mama hanisaidii. Anangoja. Nikikaa kimya sana anasema, "Tulikuwa kwenye taruma ya tatu."

Halafu akaanza ujanja. Anarudia maneno ya jana, lakini anapindisha moja.

"Jana ulisema mbao za ubavuni zinatangulia, mataruma ndio yanafuata."

Mwanzoni nilipitisha, nikasema ndiyo. Akacheka peke yake huko nje. Siku nyingine akarudia mtego, nikaudaka hewani: "Hapana mama! Sijasema hivyo!"

"Vizuri. Leo umeamka."

Alasiri moja nikagundua kwamba wakati yeye anauliza, mimi nilikuwa nimeshatangulia na kumsubiri kwenye taruma linalofuata. Mtumbwi ulikuwa umerudi. Mwanzoni nusu, na giza upande wa nyuma, lakini umerudi.

Dada alipokuja na chakula, sista akauliza nimelalaje, nikawahi kujibu mwenyewe. Dada alinitazama kama nimefufuka.

Basi nikafumba macho niutazame ule wa Kibara, lile beseni. Nikalizunguka. Chini pana, haiwezi kukatwa tena bila kupoteza mbao. Mbele hapafungi. Nikalizunguka tena siku nzima. Kesho yake mama alipokaa tu, nikamwambia:

"Mama, mwambie Masatu asihangaike na pua. Tunaikata pua."

"Mtumbwi haina pua?"

"Mbele tunaweka ubao mmoja wa kukinga, tunauinamisha ili mawimbi yapite chini yake. Katikati tunaongeza mataruma, kwa sababu chini ni pana."

Mama akakaza fundo la kitambaa chake.

"Watatucheka."

"Watatucheka, mama."

"Wakishacheka, itaelea?"

Nikaangalia kichwani. Nikauona uko majini.

"Itaelea."

"Basi wacheke."

Akapanda lori siku hiyohiyo. Na safari hii kila neno alilolipeleka Kibara alikuwa analielewa. Masatu aliniambia baadaye kwamba mama alisimama pale kazini na kumsahihisha kama msimamizi, yeye akabaki anajiuliza mama kasomea wapi.

Mfupa ukashika. Siku ya kunisimamisha, sakafu ya wodi iliinuka na kushuka kama niko katikati ya ziwa kukiwa na upepo. Nikashikwa na watu wawili. Nimesoma kwamba wanaanga nao wakirudi inakuwa hivyohivyo. Mzee Wambura alikuwa ameshatoka, lakini aliacha salamu: nimjulishe kama beseni limezama.

Nilifika Kibara kwa magongo, nikambeba binti yangu kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa chini, kusimama nilikuwa sijiamini. Ana mashavu, ananitazama kama mkopeshaji. Furaha ya siku ile siwezi kuiandika kwa simu.

Masatu alikuwa ameningoja. Mtumbwi umekwisha, umezibwa kwa pamba, lakini hakuuingiza majini.

Kijiji kizima kilikuja. Na walicheka, wakuu, walicheka haki yao yote. Kuna mzee alisema mtumbwi umepigwa kofi. Tukausukuma. Ukaingia majini, ukayumba kidogo, ukatulia. Wimbi likaja, ukalipanda. Masatu akarukaruka ndani yake, ukakataa kuyumba.

Nikasikia kigelegele kimoja nyuma ya umati. Sikugeuka, ila nilijua ni cha nani. Nyangeta aliniambia mama yake alikuwa amesimama anaangalia shamba la mihogo, anapiga kigelegele, machozi yanamtoka.

Jina likawa Beseni, hakuna aliyelipanga.

Kwa kuvua ulikuwa mzito, sitawadanganya, wenzetu walikuwa wanatuacha mbali. Na ukikimbizwa unawarushia abiria maji usoni. Lakini ilipofika miaka ya ruksa, bidhaa zikafunguka, watu wakawa wanavusha marobota ya mitumba, mihogo, mbuzi, hadi makochi ya maharusi. Kila mtu akawa anatafuta mtumbwi mpana usioyumba. Mama akala matunda ya Beseni mpaka mbao zikazeeka zenyewe.

Sasa kwa nini nimeandika leo.

Mama bado yupo. Mwaka huu alianguka uani, nyonga ikapata shida, na sasa ni mtu wa kitandani. Wajukuu wanampenda sana. Wanamjibia kila kitu. "Pumzika bibi, usijisumbue." Juzi Nyangeta akarudi kutoka kwake amenyong'onyea, akaniambia mama ameanza kuwachanganya watoto majina, na akiulizwa kitu anatabasamu tu.

Kumbe siku hiyohiyo ndiyo nimesoma uzi wenu wa anga.

Nikachukua kigoda. Chumbani kwake siwezi kuingia, hata leo, na uzee huu wote. Nikakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe."

"Mama, nijengee mtumbwi."

Alikaa kimya mpaka nikaanza kujuta. Kuku wakapita. Ndani nikamsikia mjukuu anasema, "Bibi amechoka," nikamwambia amwache.

"Tunaanza na mkuku," mama akasema.

Akaenda polepole. Akapotea kwenye taruma, nikangoja. Akalipata. Akapotea tena, nikamwambia tulipokuwa. Akafika kwenye upana wa chini, akautaja bila kusita.

Nikashtuka. Nikasema, "Mama, hapana. Huo ni upana wa Beseni."

Nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha peke yake.

"Nilitakaga kujua kama wewe umelala."

Ndiyo hivyo, wakuu. Nilichojifunza ni kidogo tu. Mgonjwa wa kitandani mpelekeeni uji, mpelekeeni maombi, lakini mpelekeeni na swali la kitu anachokijua, halafu mngojeni ajibu mwenyewe. Na kama kuna mtu humu anafahamiana na hao watafiti, awaambie wakiwalaza watu waweke na mama mkwe dirishani.

Waliowahi kulala kitandani muda mrefu au kuuguza mtu wa hivyo, mwageni yenu hapa chini, nitasoma yote. Matusi kuhusu mtumbwi usio na pua nimeshayazoea.

Nitajibu usiku. Sasa hivi ni alasiri, na kigoda changu kiko dirishani. Leo tunaanzia taruma la tatu.